Nyati Ndani ya Ramani

Ninyi mnaofanya kazi mkiwa mmejifunika blanketi, miguu iko karibu na jiko la mkaa, halafu mkipigiwa simu mnajibu kwamba mko ofisini, msidhani mmeanza ninyi. Miaka yangu ya mwisho ya kazi niliimaliza hivyohivyo, hapa Makambako, kwenye meza ya kulia chakula. Nilikuwa mchora ramani za nyumba. Ukiniona leo nikipalilia viazi huwezi kujua, lakini nyumba nyingi utakazoziona ukiwa njiani kwenda Njombe zilipita kwenye kidole changu.

Tulikuwa watatu. Mimi nachora, mhandisi Sanga anapiga hesabu za nondo na zege, na Rehema, mkadiriaji wetu, anahesabu tofali na mifuko ya saruji kabla haijanunuliwa. Tulikuwa na chumba cha ofisi Njombe mjini, mpaka siku mwenye jengo alipokitaka aweke mashine ya kukamua mafuta ya parachichi. Tukagawana viti. Sanga akaenda shambani kwake nje ya mji, Rehema akabaki Njombe na wajukuu wake, mimi nikarudi Makambako kwenye upepo wangu. Kazi tulikuwa nayo, ofisi ndiyo hatukuwa nayo.

Programu za maana za kushirikiana michoro zilikuwepo, lakini zinalipiwa kila mwezi, tena kwa fedha za kigeni. Sisi tukachukua za bure: stoo ya bure ya kuweka mafaili mtandaoni, karatasi ya bure ambayo watu wengi wanaweza kuiandika kwa pamoja kila mtu akiwa kwake, na kikao cha bure cha kuonana sura. Sioni aibu kusema hivyo. Cha bure kinafanya kazi, ila lazima ukijue tabia, kama mbwa wa jirani.

Tabia ya kwanza ni kwamba stoo ya bure ni ndogo. Kuna wiki ramani zangu zilikataa kabisa kupanda, kila nikirusha naambiwa nafasi imejaa. Nikafungua kuangalia kumejaa nini, nikakuta kipaimara cha mjukuu wa Rehema, kuanzia kanisani hadi keki. Rehema alikuwa ametumia akaunti ya ofisi kwenye simu yake, na simu yenyewe ikawa inapandisha kila picha bila kumuuliza. Nilipomwomba afute, alisema atafuta ila kwanza niangalie ile sehemu ya askofu. Nikaangalia. Ilikula bando langu lote. Tangu hapo nasema: akaunti ya kazi iwe ya kazi, ya nyumbani iwe ya nyumbani, hata kama mjukuu ni mzuri kiasi gani.

Na majina ya mafaili. Sanga alikuwa na tabia ya kuandika "Mpya", halafu "Mpya Zaidi", halafu "Mpya Kabisa Msiguse". Fundi wetu mkuu, Odilo wa Mlangali, mtu mpole na mtiifu kupita kiasi, alinipigia akauliza kama "Msiguse" ni ya kujenga au ni ya kutazama tu. Alikuwa amesimamisha kazi nzima kwa heshima. Tukakubaliana: jina la mteja, kisha tarehe, basi. Ya zamani inaingia kwenye folda yake, haifutwi, kwa sababu siku ya ugomvi ndiyo shahidi wako.

Lakini hayo yote ni madogo. Ngoja niwaambie ya Mzee Gaudensi.

Mzee Gaudensi alikuwa mkulima wa mahindi na maharage huko Mlangali, na alikuwa na shamba la miti ya misindano. Siku moja, wakati wa kukata miti, gogo likamviringikia na kumvunja mguu juu ya goti. Akapelekwa hospitali ya Ikonda, akalazwa muda mrefu. Dada yake, Filomena, mjane asiye na mtoto, alifunga kanga yake akaenda kumuuguza. Mzee akiwa kitandani akaamua kwamba akitoka pale hataki tena nyumba yake ya zamani yenye kizingiti kirefu. Alitaka nyumba mpya, ya chini, ndogo, ambayo mtu mwenye magongo anaingia moja kwa moja. Alimwambia Sanga kwa simu, nami nilisikiliza: "Nataka nyumba isiyo na hata ngazi moja. Nikijikwaa, niwe nimejikwaa na miguu yangu mwenyewe." Mabati alikuwa nayo tayari, aliyanunua kabla hajavunjika. Kilichotakiwa ni kuezeka kabla ya mvua, kwa sababu nyumba ya zamani ukuta wake mmoja ulikuwa umeshalala chini, na yeye akiruhusiwa hospitali hana pa kwenda.

Tukaanza. Sanga akafungua ile karatasi ya pamoja, akaandika juu yake "Mahitaji ya Mteja", vyumba viwili, sebule, jiko, choo cha ndani. Akamtumia mzee linki ili asome na kuthibitisha. Hapo ndipo lilipozaliwa jambo. Linki ya namna hiyo ina milango miwili: wa kusoma tu, na wa kuandika. Sanga alifungua wa kuandika. Mzee simu yake ni ya tochi, kwa hiyo linki ilikwenda kwa Filomena. Filomena akamsomea kaka yake, mzee akasema sawa. Kisha Filomena, kwa furaha, akaitupa kwenye kundi la ukoo ili na wengine waione nyumba ya kaka.

Ukoo ule, wanangu, ulikuwa na watu Songea, Mbeya, Dar es Salaam, hadi Mwanza. Wakaiona.

Sisi hatukujua. Mimi nilifungua karatasi asubuhi moja nikakuta vyumba vimekuwa vitatu. Nikajua Sanga ameongea na mteja. Nikachora cha tatu. Sanga naye akaona vitatu kwenye mchoro, akajua mimi ndiye niliyeongea na mteja, akapanua msingi. Rehema akaona msingi umepanuka, akaongeza saruji, akatuombea heri. Wiki iliyofuata kikaja chumba cha nne, kimeandikwa "cha shangazi, kiangalie mashariki". Kikaja kibaraza. Likaja banda la gari, na mzee hana hata baiskeli. Na ajabu ni kwamba saruji haikupungua. Kumbe karibu kila aliyeongeza chumba alituma saruji ya chumba chake hadi kwa Odilo, na Odilo akawa anaipokea na kushukuru.

Mwisho likaandikwa: "Ghorofa, vyumba viwili juu."

Hapo nilisita. Nikakumbuka mguu. Pembeni mwa ile karatasi kuna mahali pa kuuliza maswali, nikaandika: "Mzee amekubali ghorofa?" Baada ya muda mfupi chini yake kukatokea jibu: "Ndiyo, amekubali." Nikasema basi, bila kutazama jina, Sanga huyo, atakuwa ameongea naye. Nikachora ngazi. Niliichora vizuri, siwafichi. Ilikuwa ngazi yenye pa kupumzikia katikati, na kona. Na Sanga, ambaye miaka mingi alikuwa hajapata ghorofa, aliitilia nondo kama anajenga daraja la reli.

Mimi nilifundishwa kazi na mzee mmoja marehemu sasa, enzi za wino na karatasi ya kuonea, ile inayopitisha mwanga. Yeye akitaka kwenda kunywa chai alikunja mchoro kwa makini, akaenda nao. Kama ni mkubwa haukunjiki, hakwenda kunywa chai. Siku moja mkubwa wa ofisi alimkuta amekalia meza, kwenye kona tupu ya mchoro, anakula muhogo. Akamuuliza mbona amekalia kazi. Mwalimu wangu akamjibu kwamba mchoro ni kama choo, unaingiwa na mmoja mmoja. Tulicheka miaka. Sikujua alikuwa ananifundisha habari za mtandao.

Basi, mchana mmoja, napika kande, Sanga akanipigia kutoka shambani. Sauti yake ilikuwa chini, kama mtu aliyeona kitu hataki kikimbie.

"Dada," akasema, "fungua ile karatasi ya Mlangali. Kuna nyati ndani. Anaongeza choo."

Nilidhani amekunywa ulanzi. Nikafungua. Juu ya karatasi, pembeni, kulikuwa na vipicha vidogo vya rangi, na nikiweka kidole juu yake yanatokea majina: Nyati. Popo. Kobe. Kinyonga. Programu ile, mtu akiingia bila kujitambulisha, inampa jina la mnyama. Mimi nilikuwa naingia alfajiri wakati mtandao umetulia, sijawahi kukutana nao. Kumbe mchana kulikuwa na mbuga.

Tukatazama, yeye shambani kwake, mimi jikoni. Nyati akaandika: "Choo cha pili, cha ndani, cha wageni." Popo akakifuta. Nyati akakiandika tena. Popo akafuta, akaandika: "Choo kikae nje kama kawaida." Kobe akawa anakuja pole pole kutoka chini ya ukurasa, akarekebisha neno "kibaraza" lililokosewa herufi, akarudi. Kande ikaungua. Mwisho nikashindwa kuvumilia, nikaandika katikati ya ukurasa: "Ninyi ni akina nani?"

Wote wakasimama. Kisha wakaanza kutoweka, mmoja mmoja, Popo kwanza, halafu Kobe, halafu Nyati. Akabaki Kinyonga peke yake, kimstari chake kinawakawaka mahali pamoja. Nikangoja. Akaandika: "Shikamoo."

Nikaandika, "Marahaba." Akaandika kwamba yeye ni Filomena, dada wa mgonjwa, yuko Ikonda, na hao wengine ni ukoo, na kwani hawakualikwa?

Nikampigia Odilo. Nikamuuliza amefika wapi, akasema kwa furaha kwamba jana amebandua mbao za ngazi na zege limekauka vizuri mno. "Ukiigonga kwa nyundo, mama, inalia kama kengele ya misheni." Kuta za vyumba vyote zilikuwa zimesimama. Nikamuuliza kama hakuona ajabu, mgonjwa wa mguu kujengewa ghorofa. Akasema aliona, lakini faili lilikuwa na tarehe mpya, na sisi wenyewe tulimwambia afuate tarehe.

Kesho yake nikapanda gari hadi Njombe, Sanga akanichukua na pikapu yake iliyojaa miche, tukaenda Mlangali. Tulipokata kona tukaiona: ngazi imesimama katikati ya kuta zisizo na paa, inapanda, inakata kona, inapanda tena, inaishia hewani. Mawingu ya mvua yalikuwa yanakusanyika upande wa Ludewa. Sanga alishuka, akaushika ukuta wake kama mtu anayempapasa ng'ombe, akasema taratibu kwamba ni imara.

Mabati ya mzee yalitosha nyumba aliyoitaka yeye tu. Nyumba iliyokuwa mbele yetu yangefunika kama leso. Na wale waliotuma saruji, hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikiria bati. Ikabidi kiitwe kikao cha ukoo, cha kuonana sura kwa simu, wao huko waliko, mzee kitandani Ikonda, sisi pale kwenye ngazi.

Sikilizeni hapa, maana ni somo. Kikao cha bure hukatika muda wake ukifika, hakijali mmefika wapi. Mzee Gaudensi alifungua kwa "Tumsifu Yesu Kristo", ukoo mzima ukaitikia "Milele amina", kila mmoja kwa wakati wake kwa sababu ya mtandao, kisha sala, kisha salamu kwa kufuata umri. Walipofika kwa wajomba, kikao kikakatika. Tukafungua kingine. Mzee akaanza tena kwa sala, kwa sababu, alisema, hiki ni kikao kingine. Kikakatika kwenye shangazi wa Mwanza. Cha tatu nikathubutu kumwomba mzee tuhesabu kwamba salamu zote zimepokelewa hadi jioni. Akakubali kwa shingo upande. Tangu siku ile, sala na salamu tunazituma kwa maandishi mapema, na kikao kinaanza na tatizo.

Odilo akageuza simu yake kuelekea kwenye ngazi. Tuliona uso wa mzee unakaribia kioo.

"Hiyo," akauliza, "inakwenda wapi?"

Mzee akamwuliza Filomena ni nani walioandika hayo, Filomena akamsomea kutoka kwenye simu yake nyingine historia ya ile karatasi, kwa sababu karatasi zile hutunza nani alifanya nini. Kisha mzee, kwa sauti ya mtu anayeita watoto kula, akauliza Kobe ni nani. Padri mmoja mstaafu wa ukoo, Songea, akasema ni yeye, alirekebisha herufi tu. Akauliza Popo. Baba mdogo akajitaja. Akauliza, "Nyati ni nani?"

Kijana wa Dar es Salaam, mtoto wake wa kwanza, akasema ni yeye.

"Ni wewe uliyejibu kwamba nimekubali ghorofa?"

"Ndiyo, baba."

"Nilikubali lini?"

"Nilijua utakubali."

Kijana akaendelea peke yake, bila kuulizwa. Alieleza kwamba kila mwaka anasema atakuja na wanawe, na kila mwaka anajiambia hakuna pa kulala, nyumba ni ndogo. Akaona kama kungekuwa na vyumba juu angekosa kisingizio. Nilitazama pembeni. Nilikuja kugombana na watu walioharibu mchoro wangu, kumbe kila mmoja alikuwa ameandika pale jambo ambalo kikaoni hasemi.

Tukafanya kazi palepale. Nilikaa juu ya tofali, laptopu magotini. Sheria ikawa kalamu moja: mimi tu ndiye ninachora, wengine wote wanaona na kusema. Rehema akiwa Njombe anahesabu mabati kila mstari unapofutwa, Sanga anasema ukuta upi unabeba na upi haubebi. Nikafuta banda la gari. Nikafuta kibaraza na chumba cha tatu. Nilipofika kwenye vyumba vya juu, kijana wa Dar akauliza kwa sauti ndogo kama wavifuta, yeye akija atalala wapi.

"Njoo kwanza," mzee akasema.

Nikavifuta. Bado mabati hayakutosha, Rehema akasema kipungue chumba kimoja. Kilichobaki kufutwa kilikuwa kile cha "shangazi, kiangalie mashariki". Hapo Filomena, ambaye alikuwa ameshika simu muda wote hata hatumwoni, akasema tukifute tu, alikiandika siku moja mgonjwa amelala, hakujua kitajengwa. Alisema mkono unamchoka, anaomba aweke simu chini.

Mzee akamwambia asiiweke. Akaniita. "Mwanangu, sebule ni ya nini?"

Nikamwambia ni ya wageni.

"Wageni wangu wote wamo kwenye karatasi. Futa sebule."

Nikafuta sebule. Rehema akahesabu, akasema yanatosha. Odilo akaezeka, na bati la mwisho lilipigiliwa matone yakiwa yameshaanza. Kuta tulizozifuta zilibomolewa, ngazi ikabaki nje, nyuma ya nyumba. Odilo alijaribu kuivunja kwa nyundo kubwa kutwa nzima, akapata kipande kama kiazi, akaniambia kwa heshima kwamba mhandisi ametuweza.

Kwa hiyo mkinipa nafasi ya kuwaasa, nitasema hivi tu. Linki yako, kabla hujaituma, angalia umefungua mlango upi. Faili halijafika mpaka aliyepokea akueleze kwa mdomo wake ameona nini ndani. Na mtu akikujibu "ndiyo" mtandaoni, muulize yeye ni nani, hata kama amejibu haraka na kwa adabu. Lakini pia acheni karatasi moja wazi, pembeni, isiyo ya kazi, ambapo watu wanaweza kuandika wanachokitaka. Sisi tuliwaachia ile. Nimeambiwa bado wanagombana humo.

Mzee Gaudensi alitoka Ikonda kwa magongo, akaingia kwenye nyumba yake moja kwa moja, hakuna kizingiti. Alikuwa ameagizwa mazoezi na madaktari: apande na kushuka ngazi kila siku mpaka mguu upate nguvu. Alipowauliza ngazi atazitoa wapi huko Mlangali, wakamwambia atafute hata jiwe. Akasema asante, anayo.

Mwaka ule nilistaafu. Asubuhi moja yenye ukungu, natoa viazi, simu ikaita, ni yeye. Tukaamkiana, nikamuuliza habari za mguu. Akaniambia kila siku Filomena humshika mkono, wanapanda hadi juu, wanapumzika, wanatazama mabati ya majirani yaliyolegea misumari, wanashuka. Jirani mwenye magoti mabovu naye huja, hata mke wa mwalimu.

"Lakini leo," akasema, "nimefika juu, nikageuka nimwambie Filomena tutazame, nikamwona yuko chini kabisa anaanika maharage. Kumbe nimepanda peke yangu, mwanangu."

Nilifurahi mpaka nikakaa chini kwenye tuta. Nikamuuliza, sasa umeshukaje?

"Sijashuka," akasema. "Bado niko huku juu. Wala sina haraka."